Kilo Mbili Nilizokataa

Yohana, mtani wangu,

Kamwene. Nianze na habari kubwa, maana najua huko hakuna magazeti: mimi sasa ni mwalimu wa chuo kikuu. Nimewafundisha wasomi, wasomi wameandika, na siku ya kuondoka walinipa mkono kwa heshima mpaka mkeo akajuta kunipikia dagaa.

Basi, usikunje uso. Hata huko chini uongo wa Mngoni huupitishi. Sijafundisha mtu. Niliishia darasa la tano kama unavyojua, na hao wasomi walinipa mkono kwa sababu nilikuwa nimekaa mlangoni pa ukumbi wa kata, huwezi kutoka bila kuniruka au kunisalimu. Ukweli ni kwamba walinichezesha mchezo wa kugawana sukari, nikatoka na mfuko mtupu. Lakini jambo lenyewe lina mkia mrefu, na mkia huo umemgusa mwanao Amani, kwa hiyo nakuandikia.

Kuandika ni shauri la mkeo. Nilikuwa nikija Njombe napita kaburini kwako, naongea kwa sauti ile ile tuliyozoea, majirani pale Mjimwema wakaanza kuuliza kama mzee wa Makambako kichwa bado kizima. Shemeji akaniambia, "Muandikie. Utamtukana vizuri zaidi, na wajukuu hawatasikia." Nimenunua karatasi dukani. Miwani ni ya marehemu mke wangu, inakuza herufi lakini inapinda mistari. Usiseme kitu kuhusu mwandiko.

Hali ni hii. Ulivuna mahindi yangu mwaka jana, ukarudi kwako, na kabla sijamaliza kufunga magunia nikaitwa msibani. Sikupenda. Mtu mzima unaaga, huondoki katikati ya kazi. Tangu hapo Amani ameacha duka la simu Dodoma, amerudi kushika parachichi zako. Zimezaa vizuri, sikufichi, kuliko ulipokuwa unazisimamia wewe. Ana bomba jipya la kupulizia dawa na simu inayomwambia mvua inanyesha lini. Mvua yenyewe haisikilizi simu, lakini kijana anajitahidi. Shemeji goti linamsumbua. Mbwa wako amehamia kwa majirani wanaokula nyama.

Mwezi wa tatu ulipofika nikachukua jembe nikapanda basi kuja kupalilia parachichi, kama miaka yote. Sikumwuliza mtu. Wewe na mimi hatukuwahi kuulizana. Mwezi wa tatu mimi nakuja kwako kwenye palizi na samadi, mwezi wa saba wewe unakuja kwangu kwenye mahindi, na katikati tunatukanana. Mwaka ule nilipojaribu kuhesabu mistari uliyovuna wewe na niliyolima mimi, uliniambia, "Acha kuhesabu, Mngoni, utaanza kulia." Nikaacha.

Nimefika, Amani ananiangalia mimi, anaangalia jembe.

"Baba mdogo, umekuja kutembea?"

Nikamwambia nimekuja kupalilia. Akaona aibu, maskini. Palizi alishawapa vibarua, walikuwa wamebakiza kipande kidogo upande wa bondeni. Akanieleza kwa upole, kwa maneno mazuri ya mjini, kwamba siku hizi ni rahisi zaidi kuweka watu, kazi inaisha upesi, kila mtu anachukua chake na hakuna wa kumsubiri mwenzake. Akaongeza kwamba hata mimi nikitaka watu wa kuvuna kule Makambako, atanitafutia namba ya simu.

Hakunitukana, Yohana. Ndiyo shida. Angenitukana ningejua la kujibu. Mimi baada yako sina kitu Njombe isipokuwa ile palizi. Ikiisha palizi, nakuwa mgeni wa kukaribishwa chai na kuulizwa basi la kurudi ni saa ngapi. Na yeye Makambako anakuwa hana njia. Nyumba mbili zilizolimiana tangu hajazaliwa zinabaki zinapigiana simu za Krismasi. Nikala dagaa, nikalala, nikasema nitaondoka kesho.

Kesho yake ndipo wakaja hao wa chuo. Mwenyekiti wa mtaa alipita akisema kila nyumba itoe watu wazima wawili waende ukumbini, kuna utafiti, na kuna sukari. Goti la shemeji halikutaka kwenda. Amani akasema, haya baba mdogo, twende wote, basi lako lipo tu.

Mchezo wenyewe nitakueleza polepole kwa sababu wewe ni Mbena. Watu tuligawanywa vyumba viwili. Mtu wa chumba cha kwanza anaonyeshwa pakiti kumi za sukari, kilo moja moja, zimepangwa mezani. Anaambiwa azigawe kati yake na mtu mmoja wa chumba cha pili, asiyemjua na asiyemwona. Anaandika kwenye karatasi, zangu ngapi, zake ngapi. Karatasi inapelekwa chumba cha pili. Yule wa pili ana maneno mawili tu kinywani, nakubali au nakataa. Akikubali, kila mtu anachukua alichoandikiwa. Akikataa, pakiti zote kumi zinarudi kwenye gari, na wote wawili wanaondoka kama walivyokuja.

Amani akaenda cha kwanza, mimi cha pili. Tukakaa kwenye mabenchi, baridi inapita chini ya mlango, tunaitwa mmoja mmoja. Mezani alikuwepo binti anaitwa Jesca, mpole, ana koti kubwa kuliko yeye. Akanisomea karatasi yangu. Mwenzangu amechukua nane, ameniachia mbili.

Nikamwuliza kama huyo mtu ananijua. Akasema hapana. Nikamwuliza mimi nimemkosea nini. Akasema hujamkosea chochote, babu.

"Basi nakataa."

"Babu, ukikataa na wewe hupati."

"Nimesikia, mjukuu wangu. Na yeye hapati."

Akaandika. Alikuwa anabana midomo asicheke, nikampenda kwa hilo.

Usiniulize kwa nini. Kilo mbili za sukari ni kilo mbili, na mimi chai ya kijiti, isiyo na sukari, siiwezi. Lakini niliposikia nane na mbili nilimkumbuka yule dereva wa lori la mbao kwenye kilabu cha ulanzi. Tulinunua jagi moja la mkangafu, ulanzi uliokomaa, watatu sisi, yeye akajimiminia kikombe, akajimiminia tena, akatusukumia povu na mabaki. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nichukue povu. Wewe ukalibeba jagi taratibu, ukalimwaga lote nje mlangoni, ukarudi ukakaa, koo kavu, uso mtulivu kama mzee wa kanisa anayesubiri sadaka. Nilikasirika na wewe njia nzima. Nilikuwa na kiu. Kumbe ulikuwa unanipanda mbegu, na sikukuona ukifukia.

Mchezo ukaisha, tukaitwa wote nje kuchukua sukari. Jesca akashukuru, akasema hakuna atakayejua alicheza na nani, hiyo ni siri. Akasema watu wote wamekubaliana vizuri, isipokuwa jozi moja tu.

Sasa, Yohana, siri ya pesa unaweza kuitia mfukoni. Siri ya sukari unaibeba begani. Watu walitoka wamekumbatia pakiti, wengine tatu, wengine saba, kila mtu anamhesabia mwenzake kwa macho. Fundi cherehani mmoja alipata tatu, akawa anawatazama wenye saba kama anawapima suruali. Na katika uwanja mzima wa ukumbi walisimama watu wawili tu wenye mikono mitupu. Mmoja mimi. Wa pili mwanao.

Jesca alituona akajishika kichwa. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba walipaswa kuleta kitu cha kuingia mfukoni.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Ukungu umeshuka, mimi mbele, yeye nyuma. Nilijua, alijua, na nilijua kwamba anajua. Tukavuka kituo cha mafuta. Kisha akaja ubavuni.

"Baba mdogo, mbili si bora kuliko hakuna?"

"Kwa hesabu, bora."

"Sasa?"

"Sasa nini? Mimi ni mzani?"

Akatembea kidogo. Akasema, kwa sauti ya chini, angejua ni mimi angetoa tano. Nikamwambia najua, na mimi ningejua ni yeye ningekubali zile mbili, halafu ningemwibia jogoo. Hakucheka. Alikuwa anafikiri, na unajua anavyofikiri, anakunja shingo kama wewe.

Nyumbani shemeji alikuwa ameshabandika maji ya chai akisubiri sukari. Akatazama mikono ya Amani, akatazama yangu, akauliza mara moja tu. Amani akamweleza. Mkeo hakupaza sauti. Alimimina chai isiyo na sukari vikombe viwili, akaiweka mbele yetu, akasema, "Mmekaa watu wawili wa nyumba moja, mkapewa kumi, mkagawana sifuri. Haya, kunyweni. Huyu nane zake, huyu mbili zake." Akachukua kikombe chake akaenda kunywea jikoni. Nilikunywa yote. Ilikuwa chungu, na nilikuwa na furaha ndogo ambayo sikuionyesha.

Sikuondoka siku ile wala iliyofuata. Hakuna aliyeniambia nibaki. Nilishika jembe nikaenda kumalizia kile kipande cha bondeni, vibarua wakaniacha, wakidhani nimelipwa.

Habari ikazunguka mji. Sokoni wakasema kuna mzee wa Makambako aliyekataa kilo mbili za bure. Vijana wa bodaboda wakanibatiza Babu Nakataa. Wengine walinicheka kabisa, wakasema uzee ni ugonjwa. Lakini niliona kitu, nikakinyamazia. Wale waliopokea mbili na tatu siku ile, sasa walianza kusema kwa sauti kwamba na wao walitaka kukataa. Kabla sijakataa mimi hakuna aliyekuwa ametaka.

Wiki iliyofuata wale wa chuo wakarudi, wakatugeuza. Waliogawa mwanzo sasa wanagawiwa, na waliogawiwa wanagawa. Mimi nikawekwa mbele ya pakiti kumi. Nitakuambia kweli, kalamu ilitaka kuandika nane. Nikamwonea huruma yule nisiyemjua, kisha nikajionea huruma mimi, nikaandika sita zangu, nne zake. Mimi si malaika, na Makambako ni mbali. Akakubali, nani sijui, Mungu ambariki.

Fundi cherehani, yule wa tatu, hakufanya siri. Alisema mapema kwamba anakwenda kulipiza. Lakini kwa nani, ikiwa aliyempa tatu hamjui? Aliyekuwa kwenye benchi la pili hakuwa amemkosea. Na bado alikwenda kulipiza. Dada mmoja wa genge la mboga, aliyegawiwa tano mara ya kwanza, akasema atatoa tano, hata hakufikiri. Nikaona mambo yanavyotembea, Yohana. Aliyelishwa vizuri analisha, aliyepunjwa anapunja, na anayepokea si yule aliyeanzisha. Kama mafua.

Kisha kulikuwa na Mama Luka, yule mjane wa karibu na kanisa lenu, unamkumbuka, aliyekunyima moto siku ile ya mvua. Yeye aliandikiwa saba. Saba kati ya kumi, mtu usiyemjua anakupa. Akakataa. Alitoka na kapu tupu anaongea peke yake kwa sauti: "Saba za nini? Asiyenijua anipe saba leo, kesho ataniomba shamba." Watu wakacheka, lakini wanawake wa rika lake hawakucheka. Mimi pia sikucheka sana. Kuna mkono unaokupa ili ukulaze chini.

Na nyuma ya Mama Luka akatoka Amani. Mikono mitupu.

Kwanza aliangalia mfuko wangu. Akaona pakiti sita, akahesabu, uso ukalegea kidogo, maana alishajua kwamba mbaya wake si mimi. Tukakaa kwenye ukuta wa ukumbi.

"Amenipa mbili," akasema.

"Ukakubali, kwa kuwa mbili ni bora kuliko hakuna."

Akavuta majani pale chini. Unajua hapendi kukiri. "Nilitaka kukubali," akasema. "Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Baba mdogo, sijui, mdomo ukasema kitu kingine."

Mara moja katika maisha yangu nilikuwa na la kusema na sikulisema, niandikie hiyo huko.

Jesca alikuja kukaa na sisi akisubiri gari. Nikamwuliza wanatafuta nini hasa, maana sukari ni ghali. Akasema wanataka kujua hii tabia ya mtu kukataa kupunjwa hata kwa hasara yake, na ya kumlipa mwema kwa wema, inatoka wapi. Mtu anazaliwa nayo, au anaipata kwa kuona wenzake, au ni kuishi pamoja muda mrefu kunakowafanya wabahili washindwe na wengine waendelee. Nikamwambia mtoto mchanga ukimnyima ziwa la pili analia, kwa hiyo nusu amezaliwa nayo. Akaandika. Nusu ya pili, nikamwambia, aliyenipa mimi amelala pale juu Mjimwema, na hakunifundisha, alimwaga tu ulanzi. Hilo pia akaliandika, ingawa nilimwona hajui aliweke wapi. Akasema, "Bado hatujui, babu. Ndiyo maana tunauliza." Nilipenda alivyosema hivyo. Wewe ungejifanya unajua.

Nikarudi Makambako na sukari nne, mbili nikamwachia shemeji. Alizipima kwa mkono akasema, "Zile zile mbili," akaziweka kabatini bila kucheka.

Mwezi wa nne ukapita, wa tano, wa sita. Mahindi yakakauka. Namba ya vibarua Amani hakunitumia, na mimi sikuiomba. Mgongo wangu wa sasa unavuna mistari miwili, kisha unataka kukaa. Nilisema moyoni, Yohana, sitampigia simu. Nikimpigia ataleta saba kama za Mama Luka, kwa huruma, na hizo sitaziweza. Aje mwenyewe au asije. Nilivuna peke yangu polepole, naacha mengine yanaanguka, panya wakanenepa. Usiku mmoja wa upepo nilikaribia kushika simu. Nikaiweka kwenye debe la unga, nikafunika.

Akaja. Nilikuwa katikati ya shamba nimekaa juu ya kiroba, nikaona mtu anashuka bodaboda barabarani, amevaa kofia yako ya sufu. Moyo ulinipiga teke, sitakudanganya. Kisha nikaona anaongea na simu nikajua si wewe.

Hakusema amekuja kufanya nini, na sikumwuliza. Akaingia mstari wa pembeni.

Sasa nikupe taarifa kama ilivyo. Mwanao hajui kuvuna. Anamenya hindi kama anafungua zawadi. Alichagua mistari iliyosimama vizuri, ile iliyolala na magugu akaniachia mimi mzee. Kila mara simu inalia, anasimama kuuza parachichi hewani. Wewe ulikuwa unakaa mpaka mstari wa mwisho umevunwa. Yeye siku ya tatu mchana akasema ana mzigo wa kupakia Njombe, lazima aende. Na shamba lilikuwa bado karibu nusu.

Nilisimama pale na maneno mdomoni. Nilikuwa na haki ya kumwambia kwamba baba yako hakufanya hivi. Ningemwambia, angeondoka na mwaka ujao asingekuja. Tungekosa wote, kwa heshima kabisa. Kisha akanyoosha mkono kuniaga, nikaona viganja. Malengelenge, mawili yamepasuka, ameyafunga kwa kipande cha kiroba ili nisione. Mikono ya duka la simu. Karatasi ya mchezo haikuwa na mikono, Yohana, ilikuwa na namba tu.

Nikamwambia, "Ahsante, mwanangu. Umenisaidia sana." Uongo kidogo, lakini si mkubwa.

Alipopanda bodaboda akageuka. "Baba mdogo, kile kipande cha bondeni mwakani nisiweke watu. Au miguu imechoka?"

Nikamwambia miguu ni yangu, nitajua mimi. Akacheka, kicheko cha mama yake, si chako. Lile shamba lililobaki nimelimaliza juzi.

Basi mimi naishia hapa, karatasi imefika ukingoni. Nakuahidi mwezi wa tatu nitakuwa bondeni pale, hata kama nitalima nimekaa. Mwanao nitamtukana kwa kiasi, mpaka azoee. Mkeo nitampelekea habari zako kama nitazipata.

Lakini kuna deni, na usijifanye umesahau. Siku tunakuzika nilifanya kazi yote ya mtani. Nilikalia chepeo la kufukia kaburi nikakataa kuinuka mpaka wanilipe, nikawaambia waombolezaji kwamba umekufa ili ukwepe palizi, mchungaji wenu akageuza uso akikohoa, na shemeji akacheka katikati ya machozi. Nilifanya vile nikijua zamu yangu ikifika utanirudishia. Ukawahi kuondoka. Sasa mimi nitazikwa na watu wenye adabu, Amani atalia, wataimba vizuri, na hakuna atakayesema neno baya juu yangu. Sitaki.

Kwa hiyo nakuomba kitu kidogo. Siku utakayoniona naja, usinipokee kwa heshima. Waambie hao wazee wenzako kuna Mngoni mlangoni, amechelewa, anataka chakula, na jina lake hulijui. Niache nisimame nje na baridi yangu nisikie mnavyocheka. Ukishacheka vya kutosha, njoo ufungue mwenyewe.

Mtani wako,
Kosmas
Makambako